Kuku Katika Picha

Wasomaji wa gazeti hili wamezoea kupata humu habari za ukulima, za malezi na za shule. Leo twaomba radhi tulete jambo jingine, nalo ni picha. Hatuneni picha za kupamba ukuta, bali zile ziletwazo mbele yetu ili zitufundishe au zituonye: picha za zahanati, sinema za afya, alama za hatari, na hata michoro ya nguo wanazovaa mama zetu. Maneno yaliyoandikwa twayapima kila siku. Mwalimu hukosoa insha, mzee hukosoa barua ya posa, na mwenye kukosea hurudi kuandika tena. Lakini picha hupita bila kuulizwa neno, kana kwamba kila mwenye macho amekwisha kuielewa. Sisi twaona ya kuwa picha nayo yastahili kupimwa, na kipimo chake cha kwanza ni hiki: je, aliyeichora alimjua mtu atakayeitazama?

Na tuanze na kisa. Mwaka 1962 mtaalamu mmoja wa Kanada, jina lake Marshall McLuhan, alitoa kitabu kiitwacho The Gutenberg Galaxy. Ndani yake alieleza habari aliyoipata kwa John Wilson wa Chuo Kikuu cha London. Bwana afya mmoja katika Afrika alitengeneza sinema ya dakika 5 hivi, kuwafundisha wanavijiji kuondoa maji yaliyotuama karibu na nyumba. Katika sinema ile alionekana mtu akifanya kazi pole pole sana, akikausha madimbwi, akiokota makopo matupu na kuyaweka mbali. Ikaonyeshwa kwa watu zaidi ya 30. Ilipokwisha wakaulizwa, "Mmeona nini?" Wakajibu, "Tumeona kuku."

Wenye sinema wakashangaa, kwa maana hawakujua kuwa mna kuku ndani yake. Wakairudia yote, picha moja moja. Kumbe ni kweli! Kuku mmoja aliyeshtuliwa aliruka katika pembe ya chini, upande wa kuume, akaonekana kwa muda wa sekunde moja hivi, akatoweka.

Kisa hiki tumekisikia kikitajwa mara nyingi, na aghalabu hutajwa kwa kicheko, ili kuonyesha jinsi wanavijiji walivyokuwa wazito wa kufahamu. Wilson mwenyewe alieleza ya kuwa mtu aliyezoea kusoma amejifunza kuikusanya picha yote kwa mtazamo mmoja, bali asiyesoma huipitia kipande kwa kipande, kama mtu apekuaye mzigo. Sisi hatukatai kuwa kutazama picha ni jambo la kufundishwa. Hata mtoto wa darasa la kwanza hana budi kuambiwa ya kuwa mti mdogo katika mchoro si mche, ila ni mti ulio mbali. Walakini maelezo hayo yamwacha mtu mmoja bila kuulizwa, naye ni mwenye sinema.

Kuku alikuwamo. Watu waliosema wamemwona walisema kweli, na waliotengeneza sinema ndio ambao hawakuiona sinema yao wenyewe. Basi kati ya hao wawili, ni nani aliyetazama vibaya?

Tena tufikiri. Mwanakijiji akimwona kuku anaruka ghafula, moyo wake hushtuka. Yamkini ni mwewe, yamkini ni kicheche, yamkini mgeni anaingia uani. Kuku ni mali, ni kitoweo cha mgeni, ni ada ya shule. Na kopo tupu je? Kwa bwana afya ni takataka yenye kuzaa mbu. Kwa mama wa kijijini kopo ni kibaba cha kupimia unga, ni kata ya kutekea maji mtungini, na likipata utambi huwa koroboi. Mtu aokotaye makopo mazuri na kuyatupa, tena kwa mwendo wa kobe, ni mtu asiyefahamika anafanya nini. Katika sinema nzima hapakuwa na kitu kilichosema na watazamaji kwa lugha ya maisha yao ila kimoja tu, nacho kiliingia kwa bahati. Hilo ndilo kosa la sinema ile, wala si kosa la macho ya watu.

Kisa hicho hakikuwa cha peke yake. Hapa kwetu, katika milima ya Usambara, mahali paitwapo Vugiri, palifanyika kazi kubwa ya namna hiyo kati ya mwaka 1935 na 1937. Iliongozwa na Baraza la Kimataifa la Misioni kwa shauri la J. Merle Davis, kwa fedha za Carnegie kutoka Marekani, na watendaji wakuu walikuwa L. A. Notcutt na G. C. Latham. Walitengeneza sinema 35, wakazizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Sauti haikuwa katika filamu yenyewe, bali katika sahani za santuri, ili picha moja iweze kusemeshwa lugha mbalimbali.

Kwa haki twapaswa kutoa sifa kabla ya lawama. Watu wale hawakukaa ofisini wakingoja watazamaji waje. Waliwafuata walipo, wakasema nao kwa lugha zao, na usiku wa kuonyesha sinema walikuwa papo hapo wakisikia watu wanapocheka na wanaponyamaza. Lakini mambo mengi waliyoyaonyesha yalikuwa yale ambayo wakubwa walitaka watu wayafuate, kama kodi, akiba ya posta, na dawa ya safura. Mtazamaji alipewa picha kama mgonjwa apewavyo dawa, yaani anywe tu. Mwaka 1937 kazi ikakoma, kwa kuwa serikali za makoloni hazikukubali kuendelea kuilipia.

Baada yao alipata nguvu William Sellers, aliyekuwa ameonyesha sinema za afya katika Nigeria, na tangu mwaka 1939 akaongoza idara ya sinema ya makoloni ya Uingereza. Yeye alishika kanuni: picha za Waafrika ziende pole pole, zisiwe na hila yoyote ya kamera, wala zisiruke upesi kutoka mahali hata mahali, kwa maana watu hawataweza kufuata. Kanuni hizo zilikuwa na chembe ya hekima, kwani mgeni wa jambo lolote huhitaji kuanzishwa taratibu. Walakini katika miaka hiyo hiyo watu wa Unguja na Dar es Salaam walikuwa wakitoa fedha zao wenyewe kuingia nyumba za sinema. Walitazama picha za Marekani, za Misri na za Bara Hindi, zenye kukimbizana na kupigana na kuimba, wala hawakupotea njia. Kesho yake walizisimulia barazani tangu mwanzo hata mwisho.

Hapo twaona makosa mawili, na kila mchoraji yamkabili yote mawili kama mtu apitaye kati ya mashimo. Kosa la kwanza ni kudhani ya kuwa mtazamaji ajua kila nijualo mimi. Kosa la pili ni kudhani ya kuwa hajui lolote. La kwanza ni uvivu, la pili ni dharau, na yote mawili hutoka katika chanzo kimoja: mchoraji hakuuliza. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Msomaji asidhani ya kuwa twasimama juu ya mlima na kuwarushia mawe waliopita. Mchimba kisima huingia mwenyewe, nasi tumeingia. Yatupasa kuungama jambo letu wenyewe.

Katika kijiji tunakofundisha kuna bwawa, na katika bwawa kuna konokono wadogo wenye kueneza kichocho. Ugonjwa huo hauji kwa kunywa maji tu. Vijidudu hutoka katika konokono, vikaogelea, vikapenya ngozi ya mtu aliyeingia majini, na baada ya majuma kadhaa mtu huanza kukojoa damu. Wavulana wengi walikuwa nao. Wengine waliona haya kusema, na wengine waliambiana ya kuwa ni dalili ya kubalehe, wakaona fahari. Basi sisi walimu tukakata shauri kuchora picha. Tukanunua karatasi ya manila na rangi. Tukachora bwawa la buluu, watoto wawili wakiogelea, na konokono juu ya jani. Kisha, kwa rangi nyekundu iliyokoza, tukapiga mistari miwili mipana iliyokatana juu ya bwawa lote, kama mwalimu akatavyo hesabu iliyokosewa. Tukaibandika kwenye ubao penye njia ya bwawani, tukarudi nyumbani tumeridhika.

Watoto hawakuacha kuoga. Baada ya majuma machache tukaona hata akina mama waliokuwa wakiogopa maji yale sasa wanaosha watoto wachanga ndani yake. Siku moja tulimkuta bibi mmoja mzee ukingoni, naye ndiye aliyetufungua macho.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, walimu wangu."

"Bibi, mbona wajukuu wanaoga humu, na picha tumeibandika pale?"

Akatutazama kama mtu amtazamaye mtoto aliyeuliza jambo la wazi. "Si kwa sababu ya hiyo picha, mwalimu? Mmetia msalaba mwekundu, alama ya hospitali. Tukasema, alhamdu, bwana afya amekwisha kuyatia maji dawa."

"Na konokono tuliyemchora?"

"Konokono yuko kila mahali, baba. Tangu lini akamdhuru mtu?"

Tulinyamaza. Mwezi ule ule mvulana mmoja wa darasa letu, mwenye akili na haya nyingi, alitujia jioni baada ya wenzake kuondoka, akasema anakojoa damu. Tukamwuliza alioga wapi. Akasema, "Pale chini ya picha yenu, mwalimu." Hakusema kwa kutulaumu. Alisema kama mtu atajaye mahali palipo salama. Neno lile limekaa nasi hata leo. Picha yetu haikuwa bure tu, ingekuwa afadhali. Ilisema kinyume cha tulichokusudia, na watoto waliitii.

Tangu siku ile tumekuwa tukitafuta habari za watu wengine waliokosea kama sisi, ili tujue walitengenezaje. Tumepata mfano mmoja mkubwa, ambao hata nchi za jirani zetu zimo ndani yake.

Mwaka 1946, katika Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, watu wachache walibuni alama ya kuonya juu ya mionzi ya atomi, ile isiyoonekana, isiyonuka, wala kusikika, nayo yaweza kumwua mtu. Ni alama ya mapanga matatu yaliyozunguka duara dogo. Walikusudia kuonyesha nguvu itokayo katika kiini cha atomi na kuenea pande zote. Kwanza ilichorwa kwa rangi ya zambarau nyekundu juu ya buluu, baadaye juu ya manjano, na leo wengi huiona kwa rangi nyeusi juu ya manjano. Kama mchoro, ni mzuri. Ni mwepesi kuchora, haufanani na alama nyingine, na aliyefundishwa mara moja hausahau. Lakini mawazo yake yalitoka katika vitabu vya wenye elimu hiyo, na walioizungumza lugha yake walikuwa wao kwa wao. Asiyefundishwa aonapo mapanga matatu aweza kudhani ni ua, au pangaboi la kupepea hewa.

Hasara yake ilionekana Thailand, katika jimbo la Samut Prakan, mwaka 2000. Mtambo wa zamani wa kutibu saratani, wenye kobalti ndani yake, uliingia mikononi mwa watu wanaonunua na kuuza vyuma chakavu. Wakaupasua ili wapate chuma na risasi. Alama ya mapanga matatu haikuwaambia neno. Watu 10 waliugua vibaya, na 3 wakafa. Hawakuwa wajinga. Walikuwa watu wa kazi, wenye kujua bei ya kila chuma, ila alama ile haikuandikwa kwa ajili yao.

Ndipo Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, pamoja na shirika liwekalo vipimo vya kimataifa, wakafanya jambo ambalo sisi hatukulifanya: wakauliza. Kazi ilichukua miaka 5. Michoro ilipelekwa kwa watu 1,650 katika nchi 11, na Kenya ilikuwa mojawapo, pamoja na Brazil, Mexico, Morocco, Saudi Arabia, China, India, Thailand, Poland, Ukraine na Marekani. Watu wakaulizwa waonapo mchoro huu waelewa nini. Tarehe 15 Februari mwaka 2007 alama mpya ikatangazwa. Ni pembetatu nyekundu. Juu yake yapo mapanga matatu yakitoa mawimbi, chini yake liko fuvu la kichwa na mifupa miwili, na kando yake mtu anakimbia, na mshale wamwonyesha njia.

Tuipime alama hiyo kwa haki. Uzuri wake hauko katika sura. Imejaa mno, na mtu apendaye mchoro safi ataona ile ya zamani ni bora. Lakini katika kufaa yaipita mbali. Ya kwanza ilisema jina la kitu, yaani "hapa pana mionzi." Ya pili yasema habari nzima: kitu chatoka humu, kitu hicho huua, nawe ondoka. Yule mtu akimbiaye ndiye tunayempenda kuliko vyote, kwa maana picha ya kuonya isiyomwambia mtu afanye nini yamwacha palepale na hofu yake. Tena wamechagua mahali pa kuibandika. Haiwekwi mlangoni wala juu ya gari la mizigo. Huwekwa kwenye mtambo wenyewe, chini ya kifuniko, ili aonekane nayo yule hasa anayeanza kufungua skrubu. Huko ndiko kumjua mtazamaji: kujua si macho yake tu, bali na mikono yake imefika wapi.

Lakini msomaji aweza kutuuliza, "Je, twahitaji kwenda mpaka nchi 11 ndipo tujifunze jambo hili?" La, hatuhitaji. Somo lenyewe tumelivaa mwilini miaka mingi. Twanena kanga.

Kanga, au leso kama waitavyo wa Mombasa, ni picha yenye maneno. Ina pindo pande zote nne, ina mji katikati, na chini ya mji lina jina lake, yaani msemo. Kwa miaka mingi nguo hizo zilipigwa chapa ng'ambo: Uingereza, Uholanzi, Bara Hindi, Japani. Wapiga chapa wale hawakujua Kiswahili wala hawakupata kuona harusi ya Mombasa. Walijuaje basi mama wa pwani atapenda nini? Walijua kwa sababu kati yao na mama huyo alikaa mwenye duka. Kaderdina Hajee Essak alianza biashara yake Mombasa mwaka 1887, na kanga zake zenye maneno "Mali ya Abdulla" zikajulikana pwani nzima. Wenye maduka wa namna hiyo walisikiliza wanunuzi, wakatuma michoro na misemo ng'ambo, na walipokosea walilipa kosa lao wenyewe, kwa maana kanga isiyopendwa hukaa rafuni hata ikafifia. Misemo iliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa herufi za Kirumi, kwa kadiri kusoma kwa wanunuzi kulivyobadilika. Hakuna aliyesema, "Wanawake hawa hawaelewi, tuwawekee michoro mizito na mipole." Walipewa korosho, nanasi, tausi, saa, taa, na kila kilichoingia mjini, nao wakachagua.

Kanga nayo ina kasoro zake. Mara nyingi picha iliyo katika mji haina uhusiano na msemo ulio chini yake. Jogoo aweza kusimama juu ya neno la kumshukuru mama. Lakini hata kasoro hiyo yatufundisha kitu. Maana ya kanga haikamiliki kiwandani. Hukamilika siku mama mkwe anapompa mkaza mwana, au jirani anapoivaa na kupita mbele ya jirani. Mchoraji amelima nusu ya shamba, na nusu ya pili yalimwa na anayeivaa. Bwana wa sinema ya makopo alitaka kulima shamba zima peke yake.

Watu hutuuliza mchoraji apate wapi mawazo yake. Wengine hudhani ya kuwa mawazo hushuka kwa mtu aliyekaa peke yake kimya, akitazama mawingu. Sisi twajibu kwa tuliyoyaona: mawazo ya picha ifundishayo hukaa kwa wale watakaofundishwa. Yako kisimani, sokoni, na chini ya mwembe. Asiyekwenda huko atachora, tena atachora vizuri, lakini atakuwa akijichorea mwenyewe.

Kwa hiyo tulirudi kwa yule bibi, tukawakusanya na akina mama wengine na baadhi ya wavulana, tukaweka karatasi tupu katikati. Tukauliza, "Tuchore nini?" Mwanzo walicheka. Kisha mama mmoja akasema neno lililotuchoma: "Mmetuchorea bwawa tusiloge. Mbona hamkuchora tutakapooga?" Ni kweli. Picha yetu ilikataza, haikuongoza. Haikuwa na mtu akimbiaye wala mshale. Wavulana nao, baada ya kusukumana viwiko, wakasema, "Chora mvulana amesimama nyuma ya ukuta, na mkojo uwe mwekundu. Hiyo kila mtu ataijua." Sisi tungeona haya kuichora, wao hawakuona haya kuielewa. Bibi akasema picha isikae njiani pa bwawa, kwa kuwa afikaye pale amekwisha kujitwika ndoo na nguo chafu, hatarudi. Ikae shuleni, na penye bomba la maji, na barazani pa zahanati, mahali mtu anapokaa bila haraka.

Tukachora upya, picha nne zilizofuatana. Mvulana anaingia bwawani penye konokono. Mvulana yuko nyuma ya ukuta, ameshika tumbo, na mkojo mwekundu. Mvulana yuko zahanati, mama amemshika bega, na mganga ampa vidonge. Mvulana anaoga uani kwa maji ya ndoo, anacheka. Msalaba mwekundu hatukuutia popote ila juu ya mlango wa zahanati, mahali pake.

Hatudai ya kuwa picha imemaliza kichocho. Bwawa liko, jua ni kali, watoto ni watoto, na bomba hukauka mara kwa mara. Picha haileti maji. Lakini yule mvulana mwenye haya alikunywa dawa akapona, na baada yake wavulana wengine walikwenda zahanati, tena kwa miguu yao wenyewe. Mmoja alituambia, "Nilipoona yule wa nyuma ya ukuta, nilijua ni mimi." Hatujapata sifa iliyo kubwa kuliko hiyo kwa kazi yoyote ya mikono yetu.

Basi ndugu wasomaji, twawaombeni jambo moja. Picha ikiletwa kijijini, iwe ya serikali, ya shule, ya zahanati au ya duka, msiipokee kwa kunyamaza kwa sababu imepigwa chapa vizuri. Isimameni mbele yake, mwambiane mnachokiona, na kama mnachokiona sicho kilichokusudiwa, peleka habari kwa aliyeileta. Mwambieni bila hofu, "Sisi tumeona kuku." Nanyi wenzetu walimu mnaochora, mkiambiwa hivyo msicheke. Rudini mkaitazame picha yenu, kwa maana huenda kuku yumo.

Katika picha yetu mpya yumo. Mvulana mmoja aliyetusaidia kupaka rangi alimchora ukingoni mwa bwawa, anadonoa, bila kuomba ruhusa. Tulichukua kifutio tumfute, kisha tukamwacha.